Nahodha Aliyezikwa Chini ya Jiwe la Kufulia

Maskati, 7 Februari 1999

Dada yangu Filomena,

Natumaini barua hii itakukuta umerudi salama kutoka misa ya asubuhi na goti halikusumbui. Sisi huku hatujambo. Lisi yuko zamu ya usiku hospitalini mwezi mzima, kwa hiyo tunaonana mlangoni, yeye akiingia na mimi nikitoka, na ndoa inaendelea vizuri sana. Mabinti wanakusalimu. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya mtaa wenu iko kwa Vareeth, na mambo yetu si mchezo wa redio wa Vareeth na mkewe.

Dada, nimelifikiria suala la nyumba na nimekata shauri. Nyumba ya baba imechoka. Mbao zimeliwa na mchwa, ngazi inalia utadhani umekanyaga paka, na mtu mzima mwenye cheo hawezi kustaafu akaingia humo kwa kuinama. Tutaibomoa. Mahali pake nitajenga nyumba ya zege, ghorofa mbili, vioo vya bluu, na getini nitaweka simba wa saruji. Simba wa Vareeth wameketi. Wangu watasimama.

Usiwe na wasiwasi wa pa kulala. Nimekwisha zungumza na masista wa ng'ambo ya maji, kule Vaipin, wale wanaotunza wazee. Wamekuwekea chumba chenye feni. Uji asubuhi, rozari jioni, na hewa safi. Utakaa kwa muda tu, mpaka nyumba iishe. Fundi Kunjumon ataanza baada ya Pasaka ili kuta zisimame kabla ya mvua.

Najua utafurahi.

Ndugu yako,
Bastian
Meneja, Vipuri vya Magari


Kochi, Ngomeni, 1 Machi 1999

Mdogo wangu Bastian,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na miwani. Goti linashukuru kwa kuulizwa. Mfenesi umezaa mwaka huu mpaka naona haya kupita chini yake. Jirani yetu Kunjamma amepata mjukuu mwingine wa kike, na mumewe amenuna kama yeye ndiye aliyezaa.

Habari ya nyumba, ndiyo. Wewe ndiye mwanamume, wewe ndiye uliyetembea ukaona ya dunia, mimi nani hata nilipinge zege? Na masista ni watu wa Mungu. Nitakwenda. Simba na wasimame.

Ila kumetokea kijambo kidogo. Unamkumbuka Anthappan, mwana wa marehemu Lonan? Sasa ana bajaji, na anaongea kuliko injini yake. Wiki iliyopita alinishushia mlangoni mama mmoja wa Kijerumani, mweupe kama chaki, tumbo limemkorofisha. Alikuwa ametoka kuvuta kamba kwenye zile nyavu kubwa za Kichina za ufukweni. Siku hizi wale jamaa hawavui, Bastian. Wanavuta kamba kwa ajili ya picha, na samaki anayeonekana wavuni wamemnunua sokoni alfajiri. Maskini samaki huyo anavuliwa tangu asubuhi mpaka saa sita, ndipo anaruhusiwa kuoza.

Basi nikampa uji wa mchele na achari, kama mtu yeyote. Akapona. Akakataa kuondoka. Akachukua kiti, akakaa uani kunitazama nikifua, mwisho akauliza lile jiwe ni la nini. Jiwe letu la kufulia! Lile babu alilolibeba kutoka kwenye kifusi cha ghala lililoanguka, lenye maandishi ambayo sabuni imeyala yote. Kabla sijafungua mdomo Anthappan akadakia: hapo amelala nahodha wa Kiholanzi, alikufa kwa mapenzi.

Mimi nilikuwa na shuka lenye povu mkononi. Ningesema nini? Nikalisuza.

Kesho yake akaja na wenzake wanne. Wamelala chumba chako cha juu na kile cha baba, na wanalipa bila kuombwa. Ni wapita njia tu. Fundi akija atakuta nyumba tupu.

Dada yako,
Filomena


Maskati, 28 Machi 1999

Dada,

Salamu za Kwaresima. Sisi wazima. Lisi bado yuko zamu ya usiku.

Nahodha gani? Kafa lini? Kafa kwa mapenzi ya nani, ya mke wa Lonan? Juu ya jiwe lile mama alinisugua kwa kumbi la nazi kila Jumamosi nikilia mtaa mzima unasikia. Juu ya jiwe hilohilo alinichapa kwa suruali yangu mwenyewe, mbichi, siku nilipouza kengele ya sakristia ya kanisa. Kama kuna mtu aliyezikwa pale ni mimi!

Watoe watu hao. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nawe umewapa chumba changu. Na mwambie Anthappan akome. Ukoo wetu haujawahi kusema uongo kwa Mzungu, isipokuwa kwenye fomu za viza, na hizo kila mtu anazijua.

Fundi Kunjumon atafika Jumatatu baada ya Pasaka na nyundo yake. Sista Mkuu wa Vaipin anauliza kama unakula chumvi.

Bastian
Meneja


Kochi, Ngomeni, 2 Mei 1999

Mdogo wangu,

Pasaka ilikuwa njema. Nilipika bata, nikakuwekea paja lako kwenye sahani kama kawaida, akalila paka wa Kunjamma. Joto ni kali mno, hata kunguru wanatembea kwa miguu. Mwambie Sista Mkuu nakula chumvi, tena nyingi.

Fundi Kunjumon alikuja. Sikumzuia, Mungu ni shahidi. Nilimfungulia geti mwenyewe. Lakini siku hiyo Anthappan alikuwa ameleta basi dogo la Waholanzi, Waholanzi hasa, wenye shada la maua na mzee mmoja anayejiita ukoo wa nahodha. Ana pua kama ya nahodha, anasema. Pua ya nahodha kaiona wapi, sijui. Walikuwa wamesimama kuzunguka jiwe, vichwa vimeinama, ndipo Kunjumon akatokea nyuma ya mfenesi na nyundo begani.

Mama mmoja alipiga ukelele, akajilaza juu ya jiwe kifudifudi. Mwingine akampiga Kunjumon picha kama ushahidi. Yule mzee wa pua akamshika mkono akamwambia, kwa maneno ya Anthappan, "Nipige mimi kwanza!" Kunjumon ni mtu mpole, unamjua, ana sukari. Aliweka nyundo chini akaketi. Nikampa chai. Akaniambia, "Mama Filo, mimi nimebomoa nyumba za watu miaka yote na sijawahi kuliliwa hivi. Mwambie Bastian atafute fundi asiye na dini." Hajarudi.

Kisha paroko akasikia, akaja na maji ya baraka. Akauliza swali moja tu, marehemu alikuwa dhehebu gani? Anthappan akamjibu bila kupepesa: "Mprotestanti, Padri, lakini alitubu dakika ya mwisho." Basi Padri akanyunyiza, ila kidogo, kwa tahadhari.

Sasa nafua kwa Kunjamma, maana siwezi kupiga mashuka juu ya mtu aliyebarikiwa. Wageni wanakuja tu, mdogo wangu, hata sijui nani anawaambia. Lakini neno langu ni lilelile, nyumba ni yako kuibomoa na mimi nitakwenda kwa masista. Tusubiri tu mvua zipite.

Filomena


Maskati, 6 Juni 1999

Dada yangu mpendwa sana,

Natumaini mvua zimeanza vizuri na goti linatulia. Huku jua linachoma mpaka tairi zinalia. Lisi anakusalimu kwa upendo. Nami nakusalimu kwa upendo.

Nina jambo dogo. Kuna bosi wetu hapa, Bwana Whitcombe, Mwingereza. Juzi saa ya chai alisema yeye na mkewe wanataka kuona Kochi, maana mkewe amesoma kwenye gazeti habari ya kaburi la nahodha fulani kwenye ua wa nyumba ya kale. Dada, sijui mdomo wangu ulifunguliwa na nani. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Hiyo ni nyumba yetu, Bwana."

Alinitazama kama hajawahi kuniona. Siku zote hunipita kama kabati la spana. Tangu siku hiyo ananipa mkono kila asubuhi, na mkewe ameuliza kama sisi ni wa kabila la kifalme. Sikusema ndiyo. Wala sikusema hapana.

Basi watakuja Agosti, wakati wa sikukuu ya Onam. Mara hii moja tu, kwa ajili ya heshima yangu. Wape chumba cha juu. Ondoa ile picha ya baba akiwa na fulana. Wapeleke Alapuzha kwenye maji ya ndani, kwa mashua ya binamu Ouso. Na kama watauliza, nimesema babu alikuwa na ndovu.

Wakishaondoka tutabomoa. Nimepata fundi mwingine, wa Trichur, hana aibu kabisa.

Ndugu yako akupendaye,
Bastian


Kochi, Ngomeni, 10 Septemba 1999

Mdogo wangu Bastian,

Onam imepita salama. Kunjamma, ingawa ni Mkristo kama sisi, alipanga maua barazani kushinda Wahindu wote wa mtaa, na akaugua mgongo. Mvua zimepungua. Niko mzima.

Wageni wako walikuja wakaondoka. Watu wazuri. Bwana anakula kwa kisu na uma hata ndizi. Bibi alilia kwenye jiwe, akaliwekea ua linaloota karibu na choo changu, lile jekundu. Ndovu wa babu nimelazimika kumuua. Nilisema alikufa kwa huzuni, maana Anthappan anasema Mzungu hapendi kusikia ndovu wa watu amekufa kwa kuharisha.

Alapuzha tulikwenda. Mashua ya Ouso ndiyo ileile iliyokuwa ikibeba mpunga na samadi. Sasa ameiezeka mianzi, ameitia kitanda na pazia, na Ouso mwenyewe anavaa kofia. Tukapita mifereji yote, mashamba yako chini ya maji na maji yako juu ya watu, bata wanapiga kelele, wasuka kamba wanatwanga makumbi ya nazi. Bibi akawaona wanawake wanasugua masufuria kwenye ngazi za maji, akauliza hiyo ni sherehe gani. Nikamwambia ni Jumanne. Akaandika.

Kila tulipopita watoto walipunga mkono na yeye akapunga, mpaka kwapa likamuuma. Mchana Ouso akawakaangia samaki kwenye jani la mgomba na kuwapa tembo la mnazi kikombe kimoja kimoja. Kikombe cha pili Bwana aliomba mwenyewe, na cha tatu, ndipo akaanza kutusimulia habari za ofisini. Alikusifu sana, Bastian. Akatueleza na kazi yako, yote, mpaka stoo yenyewe inavyopangwa. Anthappan alitaka kumtafsiria Ouso kwa sauti. Nikamkanyaga mguu, na samaki aliyebaki nikampa yeye.

Sasa lile jingine. Kuna afisa wa mambo ya kale alikuja kutoka mjini. Sijui nani alimwita. Alipima kuta kwa kamba, akala samaki, akasema hajawahi kuona nyumba iliyobaki hivi, na kwa jiwe akasema wataalamu wataamua, lakini wataalamu wake wako likizo. Akaweka uzio kulizunguka, na getini akapigilia kibao cha bluu: jengo hili ni amana ya historia, ni marufuku kulibomoa wala kulibadilisha. Vareeth alikuja kukisoma mara tatu. Yeye simba wake hawana kibao.

Nimesikitika sana kwa ajili yako. Zege lilikuwa wazo zuri.

Filomena


Maskati, 9 Oktoba 1999

Dada,

Salamu. Tuko salama.

Sijui nani alimwita! Kochi nzima ina nyumba za kale zinazoanguka barabarani, yeye akapita zote kwa harufu ya samaki wako? Umenivika kilemba cha ukoka mwaka mzima. Ndiyo mdogo wangu, ndiyo mdogo wangu, na kila ndiyo ina Mholanzi ndani yake.

Bwana Whitcombe amerudi, ananiita "Nahodha" mbele ya wafanyakazi wote. Hata Wapakistani wa gereji sasa wananipigia saluti. Nimekuwa kichekesho chenye heshima, dada, na hicho ndicho kibaya kuliko vyote.

Nakuja mwenyewe. Tutatua Kochi tarehe ishirini Desemba, mimi, Lisi na mabinti, tukae mpaka baada ya mwaka mpya. Kibao nitaking'oa kwa mkono wangu. Afisa nitaonana naye kiume. Fundi wa Trichur yuko tayari kwa Januari. Tayarisha chumba changu cha juu, ondoa wageni wote, na funga virago vyako vya kwenda Vaipin, maana chumba chako kule nimeshakilipia tangu Pasaka na kimekaa bure.

Bastian


Kochi, Ngomeni, 12 Novemba 1999

Mdogo wangu mpendwa,

Furaha iliyoje kwamba mnakuja! Nimelia kidogo. Miaka sita sijawaona wale watoto. Nimeanza kuweka matunda kwenye mvinyo kwa ajili ya keki, na Kunjamma ameshaanza kuja kuyaonja.

Tatizo ni moja tu. Dunia imeingiwa na wazimu kwamba mwaka elfu mbili lazima uupokelee mahali penye historia. Nyumba imejaa mpaka jikoni. Chumba cha baba kina watu wa Denmark. Chumba chako cha juu amekipanga Mfaransa anayeandika kitabu juu ya ukimya, na anakoroma vibaya. Wote walilipa tangu Juni, na nakula yamini siwezi kuwatupa nje Krismasi, dunia ingesema nini juu ya ukoo wetu wa kifalme?

Lakini nimewaza, na jibu unalo wewe mwenyewe. Chumba cha masista! Kina feni, umeshakilipia, na kimekaa bure. Nimeshamwambia Sista Mkuu. Amefurahi, ataongeza vitanda. Uji asubuhi, rozari jioni, hewa safi.

Ni kwa muda tu.

Dada yako,
Filomena


Vaipin, kwa masista, 23 Desemba 1999

Dada,

Nilipokuona gatini siku tuliyofika nikageuka nikapanda feri ya Vaipin bila kukuamkia, nilikuwa na hasira na ningesema maneno. Nikaapa sikanyagi Ngomeni mpaka Mfaransa atoke. Chakula ulichomtuma Anthappan alete kimefika. Nilisema sili. Nimekula.

Mabinti wanakuja kwako kila siku kwa siri na kurudi wananuka samaki wa kukaanga, msidhani sijui. Lisi yuko hapa, anawapima wazee shinikizo la damu kama hakuja likizo. Jana alinitazama akasema, "Hujaniuliza hata mara moja kama nataka nyumba ya vioo vya bluu." Kumbe hataki. Anasema ataisafisha nani? Anataka kulala usiku, basi, usiku mzima, na mtu asimwamshe.

Lakini si hilo ninalotaka kusema.

Siku ya kwanza masista walitukaribisha mezani pamoja na wazee. Upande wangu alikaa mama mmoja anaitwa Eliswa, wa Palluruthy. Akaniuliza natoka wapi, nikasema Maskati. Akashika mkono wangu kwa furaha, eti mwanawe yuko Dubai, huenda namjua. Amemleta hapa kwa muda tu, akasema, wanamalizia kuweka vigae sebuleni. Nikauliza, tangu lini mama? Akafikiri. Akasema sebule ni kubwa.

Mwenzake mbele yangu akacheka, akasema yeye aliletwa kwa muda tu, binti yake alikuwa anajifungua na nyumba ni ndogo. Mtoto huyo sasa yuko chuo cha uhandisi. Na yule mwenye upofu, kwa muda tu, mpaka mvua zipite. Mvua zipi, hakuna aliyemuuliza. Meza nzima, dada. Mmoja baada ya mwingine, kwa maneno yangu, mpaka feni mpaka hewa safi. Hakuna aliyelalamika. Wanawatetea watoto wao kama mawakili. Ndipo Eliswa akaniuliza, "Na wewe mwanangu, umemleta nani?"

Nilisema nimekuja kutembea. Kisha nikatoka nje nikalia kama siku ile ya kengele ya sakristia.

Nyumba mpya ilikuwa ya kukuficha wewe na kujificha mimi. Bwana Whitcombe anafunga tawi mwezi wa Machi. Mimi si meneja, sijawahi kuwa. Natoa spana nazirudisha kwenye misumari yake. Nilitaka watu waone simba wasije wakaniuliza nilikuwa nani huko. Na katika kuwaza pa kuwaweka hao simba sikukupa wewe hata kona. Chumba chako katika nyumba ile hakikuwepo. Sikukisahau, nilijua, na nilitumaini hutauliza.

Nimempigia fundi wa Trichur, nimemwambia asije. Nina haya kuvuka maji. Niambie la kufanya.

Bastian


Kochi, Ngomeni, 24 Desemba 1999, asubuhi

Bastian,

Anthappan anasubiri na bajaji inanguruma, kwa hiyo salamu baadaye.

Spana nilizijua tangu Agosti, tangu kikombe cha tatu. Nilikaa mashuani nikatazama maji mpaka tukarudi, nikiwaza umekaa na uongo huo peke yako kwenye joto lile miaka yote, na mimi nikiutangaza kanisani. Kwa hiyo usinieleze zaidi. Mtu anayerudisha kitu mahali pake si mtu wa kujificha.

Afisa nilimwita mimi. Nilipanda basi nikaenda ofisini kwake na fungu la samaki. Sikujua kukuambia hapana. Mama alinifundisha kukulea, hakunifundisha kukukatalia. Nilipoisoma barua yako ya Februari nilikaa kwenye ngazi ile inayolia mpaka giza likaingia. Niliogopa, Bastian. Niliogopa kufia chini ya feni ya watu. Uongo wa Anthappan ulipokuja ulinikuta nazama, nikaushika. Sasa nakuambia kwa mkono wangu mwenyewe: hapana. Sitoki nyumba hii. Ukitaka kuibomoa, nibomoe kwanza mimi, na mimi sina Waholanzi wa kunililia.

Haya, hilo limekwisha.

Leo mje wote kabla ya misa ya usiku. Vitanda hakuna, wageni wamelipia, kwa hiyo tutalala sebuleni kwenye mikeka, mimi na nyinyi. Lisi nimemtengea kule stoo ya mchele, mlango unafungwa kwa ndani, na atakayemwamsha kabla ya saa tatu nitamfukuza hata akiwa Mfaransa. Pango la Krismasi bado halina paa na nyota ya karatasi haijatundikwa, maana mimi sifiki. Utapanda wewe. Watakupiga picha ukiwa juu ya ngazi, waache wapige, ila uvae shati.

Na Mama Eliswa mlete, kama Sista Mkuu ataruhusu. Atakaa karibu na mimi, nimemwekea paja la bata ambalo huwa nakuwekea wewe, maana wewe safari hii uko, utachukua mwenyewe. Lakini kabla hajapanda feri mwambie kweli, kwamba ni chakula cha Krismasi tu, na kesho jioni utamrudisha kwa mkono wako. Mwambie hivyo hivyo, hata kama uso wake utaanguka. Usimwambie ni kwa muda.

Filomena